Gharama ya Masafa: Mahindi ya Ufipa na Mfuko wa Hazina

Uwanda wa mbali

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na katika historia yote ya kilimo cha Ufipa, uwanda unaouzunguka mji huo, hakuna jambo lililotawala riziki ya mkulima kuliko masafa hayo. Ardhi ya uwanda huu ni karimu, mvua zake aghalabu hazikosi, na wenyeji wake walikuwa mabingwa wa kilimo kabla hajaja mtawala yeyote wa kigeni: walifukia majani katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, wakapanda ulezi na maharage juu ya rutuba waliyoitengeneza kwa mikono yao, na katika tanuri ndefu za udongo wakayeyusha chuma cha kufulia majembe yao wenyewe. Kilichowapungukia hakikuwa maarifa wala jitihada, bali njia ya kumfikishia mlaji wa mbali ile ziada waliyokuwa nayo.

Wajerumani waliweka boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Waingereza waliowafuata waliitazama Ufipa kuwa chimbuko la vibarua kuliko kuwa ghala la nafaka, na vijana wa uwanda wakashuka kwenda kukata mkonge Tanga na kuchimba dhahabu Lupa, kwa kuwa mtu aendaye kwa miguu yake ni rahisi kusafirishwa kuliko gunia. Tiba na elimu ziliachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Mapadre Weupe, waliokuwa wamekwisha kaa Karema tangu 1885 na ambao baadaye walizipandisha misheni zao hadi uwandani. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba huduma ya jamii kutolewa na asiyekuwa serikali ni jambo lililozuka juzi. Utawala wa kikoloni ulitumia fedha chache Ufipa kwa sababu ulitarajia kupata chache kutoka Ufipa, na hata tawi la reli lililofika Mpanda baada ya Vita Kuu ya Pili lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, si kwa ajili ya nafaka ya mtu yeyote.

Bei moja kwa nchi nzima, 1963–1976

Serikali ya Uhuru iliingia katika biashara ya nafaka hatua kwa hatua. Mwaka 1963 iliunda bodi ya taifa ya mazao, iliyonunua kupitia vyama vya ushirika. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 vinu vikubwa vya unga vilitaifishwa, na mwaka uliofuata likazaliwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo watu wote walilizoea kwa herufi zake tatu, NMC. Mwaka 1973 Shirika hilo likakabidhiwa pia kazi ya kununua nafaka kutoka vijijini. Halikuwa limetulia katika dhima hiyo mpya ulipoikumba nchi ukame wa 1973 na 1974, ikalazimu kuagiza chakula kingi kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni ambazo hazikutosha, na viongozi wakaazimia kwamba taifa lisipatwe tena na fedheha ya namna ile.

Katika hali hiyo ndipo ulipotolewa uamuzi ambao, kwa maoni yangu, uliibadili Ufipa kuliko uamuzi mwingine wowote wa karne ile. Kuanzia msimu wa 1974/75 mahindi yalipangiwa bei moja kwa nchi nzima, hata ikawa mkulima wa Chala huko uwandani, ambaye gunia lake lilipaswa kusafiri siku kadhaa kabla ya kufika kinuni, alipata kwa kila kilo malipo yale yale aliyopata mkulima wa Morogoro aliyelala jirani na soko. Mwaka ule ule wa 1974 wilaya ya Sumbawanga ilitolewa katika mkoa wa Mbeya na ile ya Mpanda ikatolewa katika mkoa wa Tabora, zikaunganishwa kuwa mkoa mpya wa Rukwa. Mbolea nayo ilitoka kiwandani Tanga, ikagawanywa na kampuni ya umma kwa bei iliyopunguzwa na ruzuku, na benki ya maendeleo vijijini, iliyoundwa 1971, ikavikopesha vijiji fedha za kuinunulia.

Taathira yake ilionekana upesi. Ulezi ulirudi nyuma, mahindi yakasonga mbele, na Rukwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma ikawa miongoni mwa ile mikoa minne ya nyanda za juu kusini ambayo, ilipofika miaka ya 1980, ilikuwa ikilipatia Shirika zaidi ya nusu ya mahindi yote liliyoyanunua nchini. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ufipa aliweza kupata fedha taslimu bila ya kuihama nyumba yake. Anayeisimulia habari ya bei moja kana kwamba ilikuwa kosa tupu la mahesabu hajapata kufikiri ilimaanisha nini kwa kijana ambaye babu yake alikwenda Tanga kwa miguu.

Deni lisilokuwamo katika bajeti, 1977–1986

Hata hivyo neema ile ilikuwa na mwenye kuilipia, na hapa yatupasa kukaa kitambo, kwa kuwa ndipo mzizi wa yote yaliyofuata ulipo. Shirika lilinunua mahindi uwandani kwa bei iliyopangwa na serikali. Likayasafirisha kwa malori yaliyokunywa mafuta yaliyonunuliwa kwa dola, katika barabara ya udongo iliyoyavunja malori hayo, hadi kwenye reli ya TAZARA kusini au kwenye reli ya Mpanda kaskazini. Likayasaga, kisha likauza sembe mjini kwa bei ambayo nayo ilipangwa na serikali, na ambayo ilikuwa chini ya gharama. Tofauti baina ya kilichotoka na kilichoingia haikulipwa na mkulima wala na mlaji, wala, katika sehemu yake kubwa, haikuombwa Bungeni kama fungu la matumizi. Ilikopwa kutoka Benki ya Taifa ya Biashara, iliyokuwa nayo mali ya umma, kwa njia ya kuruhusiwa kutoa zaidi ya kile kilichomo katika hesabu, na mwaka baada ya mwaka mkopo huo ulikua hata ukahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi za wakati ule.

Basi mtu aliyesoma vitabu vya bajeti peke yake angeweza kudhani kwamba usafiri wa mahindi ya Ufipa uliligharimu taifa kidogo tu, ilhali gharama ilikuwapo, imejificha katika daftari za benki. Na benki ilipoupata uwezo wa kukopesha kwa kuongezeka fedha katika mzunguko, waliolipa hatimaye ni wananchi wote, kwa njia ya bei za vitu vilivyopanda kila mwezi. Ilikuwa kodi ambayo hakuna mbunge aliyeipigia kura, na iliwaumiza zaidi wale wenye kipato kidogo.

Huenda utaratibu huo ungedumu lau si misukosuko iliyofuatana: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Mwaka 1979 Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu kwa kutokubaliana na Rais Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na nchi ikaendelea kwa miaka kadhaa bila ya mapatano ya kudumu na wakopeshaji wake. Malori yakakosa matairi na dizeli. Mahindi yaliyokwisha nunuliwa yakarundikwa chini ya maturubai yakisubiri usafiri hata mvua zikayakuta. Mbolea ikafika baada ya mahindi kuwa magotini. Na mkulima aliyeuza mwezi wa saba akangoja malipo hadi msimu mwingine. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa 1976, hivyo hapakuwa na mnunuzi mwingine wa halali, na aliyeuza pembeni aliitwa mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi, kwa nia ambayo siitilii shaka; lakini msako ule haukuweza kuongeza hata lori moja katika barabara ya Sumbawanga.

Soko lafunguliwa, 1984–1994

Mageuzi yalianza kimyakimya. Bajeti ya 1984 iliondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu mtu kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila ya kibali, ambapo kabla yake kiwango kilikuwa kilo 30. Vyama vya ushirika navyo vikarejeshwa. Rais Ali Hassan Mwinyi aliposhika hatamu mwishoni mwa 1985, na mapatano na Shirika la Fedha yakatiwa sahihi mwaka uliofuata, kasi iliongezeka: mwaka 1987 mipaka ya uzito ikafutwa, mwisho wa muongo bei moja ikawa imekufa, na kufikia 1990 mfanyabiashara binafsi alikuwa na ruhusa kamili ya kununua mahindi popote. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifungwa 1991. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa msimu hadi msimu, na ilipofika 1994 ilikuwa imekwisha kabisa.

Kwa Hazina hii ilikuwa nafuu ya dhahiri, na haifai kuikana, kwa sababu serikali isiyoweza kulipa mishahara ya walimu wake haiwezi kulaumiwa kwa kuacha kulipia nauli za magunia. Bali nafuu hiyo haikuwa kubwa kama ilivyotangazwa. Deni la zamani halikufutika kwa kufunguliwa soko: mwaka 1991 iliundwa taasisi maalumu, LART, kukusanya mikopo iliyoshindikana ya mabenki ya umma, na serikali ikazipa benki hizo hati za dhamana badala ya mikopo hiyo mibovu, maana yake ni kwamba hasara zilizozalishwa na Shirika na vyama vya ushirika katika miaka ya 1970 na 1980 zilihamia rasmi katika deni la taifa, zikaendelea kulipiwa riba na kizazi ambacho hakikuonja bei moja.

Na gharama mpya? Ilimwangukia mkulima. Mfanyabiashara aliyepanda hadi Chala na lori lake na fedha taslimu mkononi alikuwa na fadhila moja ambayo Shirika lilikuwa limeipoteza, yaani alilipa papo hapo. Lakini alikata katika bei kila senti ya mafuta, ya vipuri na ya barabara mbovu, na juu ya hayo akadai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, ambalo mkulima asiye na mizani hakuwa na njia ya kulikataa. Mbolea ikawa ghali kadiri mtu alivyokaa mbali na bandari. Wengi walipunguza matumizi yake au waliiacha, na wengine wakarudia ntumba za wazee wao.

Mali ya umma yauzwa, 1992–2011

Tume ya kurekebisha mashirika ya umma, iliyoundwa 1992, ilikuta mashirika yapatayo 400, na katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa uuzaji wake ulishika kasi kubwa. Shirika la Usagishaji lilibaki jina tu, vinu na maghala yake vikauzwa au kukodishwa kimoja kimoja. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa 1997; sehemu moja ikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, na ile iliyobaki na matawi ya wilayani, NMB, ikapata mbia wa Kiholanzi, Rabobank, mwaka 2005. Benki ya ushirika na maendeleo vijijini nayo ilikuwa imegeuzwa kuwa ya watu binafsi mwaka 1996. Mabenki haya yakapata afya na yakaacha kuwa mzigo kwa Hazina, jambo la kushukuriwa. Lakini mkopo wa mbolea kwa mkulima mdogo ulitoweka, kwa kuwa hakuna mwenye hisa anayependa kukopesha juu ya mvua.

Halmashauri za wilaya nazo zilifuata mkondo. Kazi ya kukusanya ushuru wa mazao na wa magulio ilitolewa kwa mawakala, ambao waliahidi kuipa halmashauri kiasi fulani kwa mwezi na kujibakizia kilichozidi. Halmashauri zilipata uhakika wa mapato na kupunguza watumishi. Lakini pale ambapo kiasi cha ahadi kilipangwa bila ya kujua gulio linaingiza nini, faida nono ilikaa kwa wakala, na muuza debe la maharage akalipa bila ya huduma kuongezeka.

Kinyume chake, kuna mahali ambapo kumwachia mkandarasi kazi ya serikali kulileta manufaa. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza Julai 2000, uliacha ule mtindo wa idara ya ujenzi yenye makatapila yasiyo na vipuri, ukawa unazigawa kazi kwa makandarasi na kuwalipa kwa fedha za Mfuko wa Barabara, zitokazo katika tozo ya mafuta. Matumizi hayakupungua, tena yaliongezeka. Tofauti ni kwamba yalionekana, yalikuwa na chanzo kinachojulikana, na barabara ilichongwa.

Reli ilikuwa na hatima nyingine. Oktoba 2007 reli ya kati, pamoja na lile tawi la Mpanda lililokuwa tegemeo la mahindi ya Rukwa, ilikabidhiwa kampuni mpya ambayo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa zake na serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Haikupita miaka miwili serikali ilikuwa ikichangia mishahara ya wafanyakazi waliogoma, huku mabehewa yakipungua. Na mwaka 2011 ilizinunua tena hisa ilizoziuza. Hapa umma ulilipa mara mbili: wakati wa kumsaidia mwendeshaji, na wakati wa kumwondoa.

Hazina yarudi kwa mlango mwingine, 2003–2016

Miaka isiyozidi kumi baada ya ruzuku ya mwisho kufutwa, serikali ilirejea. Msimu wa 2003/04 ilianza kulipia sehemu ya gharama ya kusafirisha mbolea kwenda mikoa ya nyanda za juu kusini, yaani ililipia tena yale yale masafa, safari hii kwa kupanda badala ya kushuka, na fedha zikipitia kwa wafanyabiashara. Mwaka 2008, Mizengo Pinda, mwana wa Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa, alipokuwa Waziri Mkuu, mambo mawili makubwa yaliongezwa. La kwanza ni vocha za pembejeo, zilizogharimiwa kwa sehemu na mkopo wa Benki ya Dunia: mkulima alipewa hati zilizopunguza kwa takriban nusu bei ya mbegu na mbolea ya ekari moja, akazipeleka kwa wakala wa pembejeo, na wakala akazidai serikalini. La pili ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao Sumbawanga ni mojawapo ya kanda zake.

Vocha ziliongeza mavuno, na zilipofika mikononi mwa aliyekusudiwa zilikuwa msaada wa kweli. Lakini zilizaa mlolongo mrefu wa sahihi, baina ya kamati ya kijiji, wakala, wilaya na benki, na katika kila kiungo palikuwa na mwanya. Madai ya mawakala ya misimu ya mwisho yaligeuka kuwa deni la serikali lililovuka mwaka hadi mwaka, na uhakiki ulipofanywa ilionekana kwamba sehemu yake ilikuwa madai hewa. NFRA nayo ilikumbwa na ugonjwa wa NMC kwa kiasi kidogo: baada ya mavuno makubwa ya 2014 ilipokea mahindi mengi kuliko fedha ilizokuwa nazo, na wakulima wakakaa miezi wakidai malipo yao, kama walivyodai baba zao.

Lami, marufuku na vihenge, 2008–2024

Februari 2008 serikali ya Marekani ilitia sahihi msaada wa dola milioni 698 kwa Tanzania, na sehemu yake ikaijenga kwa lami barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yapata kilomita 224. Baadaye lami ikaendelea kaskazini, ikapita Chala kuelekea Namanyere na Mpanda. Nathubutu kusema kwamba hakuna ruzuku iliyompa mkulima wa uwanda huu kitu cha kudumu kama barabara hiyo, maana lori lililotumia siku nzima sasa latumia saa chache, wanunuzi wameongezeka, na nafaka ina njia tatu za kutokea, Tunduma, Mpanda, na bandari ya Kasanga kwa mizigo iendayo Kongo.

Lakini soko huria halikuwa huria wakati wote. Juni 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi isipokuwa yamesagwa, na kwa kuwa mavuno yalikuwa mazuri na Wakala wa Hifadhi haukuwa na fedha za kununua kwa wingi, bei ziliporomoka Rukwa nzima. Mkulima alikuwa amekwisha kununua mbolea kwa bei ya soko. Akauza kwa bei ya amri. Mwaka huo huo mbolea ilianza kuagizwa nchini kwa pamoja na kupangiwa bei elekezi hadi wilayani, jambo lililosaidia kiasi, mpaka bei za dunia zilipopaa na mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, DAP, ukapita shilingi 130,000. Agosti 2022, katika maonesho ya Nane Nane Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoshusha bei ya mfuko huo hadi shilingi 70,000, na bajeti ya mwaka ule ilikuwa imetenga shilingi bilioni 150 kwa ajili yake. Mkulima sasa huandikishwa, hupewa namba, na hununua kwa mfanyabiashara binafsi, ambaye hulipwa tofauti na Hazina.

Vihenge vya chuma vimejengwa Sumbawanga na mahali pengine saba kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland. Maghala na vinu vya NMC vilivyosalia vilirithiwa na bodi mpya ya nafaka iliyoundwa kwa sheria ya 2009, ambayo hununua, husaga na huuza, kama NMC ilivyofanya. Mwaka 2024 NFRA ilinunua kwa shilingi 700 kwa kilo, na serikali ikakubali kuiuzia Zambia iliyopatwa na ukame tani 650,000 za mahindi.

Ruzuku ya mbolea, fedha za ununuzi wa hifadhi na matengenezo ya barabara yamo leo katika mafungu tofauti ya bajeti, na riba ya mikopo imo katika fungu jingine tena. Ningependa kuona, angalau mara moja, Wizara ya Fedha ikiyajumlisha yote katika ukurasa mmoja kwa mkoa mmoja, na mkoa huo uwe Rukwa, na hesabu hiyo isomwe katika baraza la madiwani la wilaya ya Nkasi, mbele ya watu ambao mahindi yao hutozwa ushuru yanapouzwa.